Uzito wa Dirhamu Moja

Mpendwa Baba,

Bi Zuhura wa Junda amezikwa juma lililopita. Ndiyo sababu nimeshika kalamu leo na si siku nyingine. Ulinikataza kusema neno lolote maadamu yeye yu hai, nami, pamoja na ukaidi wangu unaoujua vizuri, nilitii. Sasa hayupo wa kuumizwa na maneno yangu. Naiandika barua hii wazi, aisome anayetaka, kwa sababu bado wapo watu hapa Kisauni wanaosema kwamba Hakimu, kama walivyokuita kwa utabibu wako, alikuwa akipunja dawa, na mimi nimechoka kuwapita barazani nikijifanya kiziwi.

Nyumba iko kama ulivyoiacha, ila paa la upande wa jikoni nimelitia makuti mapya. Uhuru umekaribia. Vijana wanashona bendera, na wazee wenzako wanabishana juu ya mwambao, nani atakuwa chini ya nani, na kila mmoja ana hakika na lake. Wewe ungewasikiza mpaka mwisho, kisha ungeuliza mbona chai haijaletwa.

Nakukumbuka zaidi siku za Alhamisi. Baada ya sala ya alasiri uliyatoa mawe ya mizani katika kasha lake ukanipa niyasugue. Tuliyaita mawe ingawa yalikuwa ya shaba: nusu dirhamu, dirhamu moja, mbili, tano na kumi. Nilipewa bakuli la majivu na nusu ya ndimu, nami nikisugua mpaka vidole vikiniwasha, hasa nikiwa nimejikata kwa kisu cha jikoni. Ukinisikia nalalamika ulikuwa ukisema, "Mizani chafu ni ulimi mchafu, mamangu. Sugua." Kisha ulilichukua kila jiwe ukalitazama juani, umekunja uso kama mtu anayekagua samaki, ukitafuta uchafu ambao haukuwapo. Wasichana wenzangu walisugua masufuria. Mimi nilisugua dirhamu, na masufuria pia.

Kazi yako uliiita tiba ya Kiyunani, kama alivyoiita babako aliyekufundisha, na kila kilichokuwamo ulikihesabu kuwa cha Wayunani: homa za moto na homa za baridi, majina ya dawa, na mawe ya mizani vilevile. Mgonjwa akiuliza mbona humpimii kwa ratili na wakia kama dukani, ulimjibu kwa fahari, "Hii ni dirhamu ya Yunani, bwana. Wafalme walipimiwa kwa hii." Hakuna aliyekupinga. Nani hapa Kisauni alikuwa amefika Yunani?

Mambo yalianza siku nusu dirhamu ilipopotea. Wewe ulimshuku kuku wa jirani, mimi nilishuku ufa wa sakafuni. Kuku akanunuliwa, akachinjwa, akapasuliwa, na hatukukuta kitu. Tukamla kwa wali wa nazi. Ikabidi litengenezwe jiwe jipya. Mwalimu Kazungu, yule Mrabai aliyepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu na kufundisha sayansi, alikuwa amekuja kutaka dawa ya kifua. Akasema shuleni kwao kuna mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo, hupima kwa gramu, na hata pumzi ya mtu huitikisa. Akijua dirhamu moja ina gramu ngapi ataigawa kwa mbili, kisha atakipiga tupa kipande cha shaba mwenyewe mpaka kilingane.

Ulimhoji kwanza. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikiponda habasoda, nikaacha kuponda ili nisikie.

"Hiyo gramu imetokana na nni?"

"Na maji, Mzee. Chukua kijisanduku cha upana wa ukucha kila upande, ukijaze maji. Uzito wa maji hayo ndio gramu."

"Maji ya wapi?"

"Maji safi, Mzee."

"Ya kisima chetu yana chumvi."

"Hayo hayatafaa."

"Basi gramu haikupimwa Kisauni," ukasema, ukamkabidhi jiwe la dirhamu moja limefungwa kitambaani.

Alirudi siku ya pili yake, na alipokaribishwa kiti akasema atasimama tu. Nilijua hapo pana jambo, maana Mwalimu Kazungu hakuwa mtu wa kukataa kiti, wala chai.

"Mzee, niwie radhi. Hili jiwe ni la Kiyunani kweli?"

"La Kiyunani. Kama tiba yenyewe."

Akaanza kutueleza kwa sauti ya darasani, taratibu. Wayunani wa kale walianza na obol, kitu kidogo sana. Obol sita zikafanya drakma, ambayo ndiyo dirhamu. Drakma mia zikafanya mina, na mina sitini zikafanya talanta. Ngazi yote imesimama juu ya drakma, kwa hivyo ukijua drakma moja ina gramu ngapi umeijua ngazi nzima. Kitabu cha shule kilisema drakma ni gramu nne na sehemu tatu za kumi. Hivyo mina ni gramu mia nne na thelathini, karibu na ratili ya dukani bila kuifikia, na talanta ni kama kilo ishirini na sita, yaani frasila moja na nusu na ziada. Wewe uliposikia mina ukatikisa kichwa kwa furaha, ukasema hiyo ndiyo mane, kipimo cha wazee. Ulikuwa unaufurahia mchezo ule. Nilikuona.

"Na hili langu?" ukauliza.

"Nimelipima na kulirudia, Mzee. Lina gramu tatu na punje."

Ulilichukua jiwe ukalipapasa kwa kidole gumba, upande huu na upande huu. Kisha ukaligeukia bakuli la ndimu pale dirishani.

"Limeliwa," ukasema. "Ndimu imelila."

Mimi nikasema kwa nyuma ya pazia, "Ndimu gani ya kula karibu thuluthi ya shaba?" Ukaniambia nikaponde.

Kwa mtu mwingine ile ingekuwa habari ya hesabu. Kwako ilikuwa habari ya kaburi. Tangu nikiwa mdogo nilikusikia ukisema kwamba Mungu husamehe yaliyo baina yako na Yeye, lakini haki ya mja ataidai mja mwenyewe, na kwamba hakuna haki nyepesi kuibeba na nzito kuilipa kama ile iliyopunjwa katika mizani. Sasa uliamini kwamba umewapunja watu maisha yako yote ya kazi, na kwamba uliwapunja kwa usafi, kila Alhamisi, ukiniamrisha mimi nisugue. Siku ile hukula. Asubuhi yake ulilifunga kasha la mizani kwa kamba, ukavaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, ukaniambia nichukue buibui langu, maana tunakwenda kwa watu kutaka radhi, na kwenye nyumba za wanawake hungeingia peke yako.

Tulitembea siku nyingi, Baba. Tulianza na majirani, tukaenda Kongowea, tukaenda mpaka Mwakirunge, wewe mbele na mwavuli, mimi nyuma nikilalamika kimoyomoyo juu ya viatu. Kwenye kila mlango ulisema maneno yale yale: mizani yangu ilikuwa pungufu, nilikupunja bila kujua, nihalalishie. Wengi walikuhalalishia hata kabla hujamaliza. Wengine hawakuelewa kabisa unachotaka wakadhani umekuja kuwaaga kwenda Hija. Mkwezi mmoja wa minazi kule Mwakirunge akasema, "Hakimu, mimi nilipona. Kama ungenipa kamili pengine ningepaa." Akatupa madafu. Njiani kurudi ulicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nami nikadhani mambo yamekwisha.

Nyumba ya Bi Zuhura uliiacha mwisho, na sote wawili tulijua kwa nini. Mwanawe Salimu alikufa kwa tumbo la kuendesha, mtoto wa kutambaa tu. Wewe ndiye uliyemtengenezea dawa: ganda la komamanga, habasoda na iliki, zimepimwa kwa dirhamu na kuchanganywa na asali, apewe kijiko kila baada ya sala. Uliwaambia pia wampeleke hospitali upande wa mjini, lakini hali ilikuwa imeshakuwa mbaya, na kufika kivukoni hawakufika.

Bi Zuhura alikuwa kizingitini anachagua mchele. Alikuamkia vizuri, akaniambia nikae mkekani. Wewe hukukaa. Ulisema maneno yako kama ulivyoyasema kwingine kote. Mikono yake ikasimama ndani ya ungo.

"Hata dawa ya Salimu?"

"Hata dawa ya Salimu."

"Ilikuwa pungufu?"

"Kwa karibu thuluthi, Bi Zuhura."

Aliuweka ungo chini polepole, asimwage hata punje. "Miaka yote hii," akasema, "nikilala naona kijiko. Nikisema labda nilikijaza sana, labda sikukijaza. Labda ile ya alfajiri nilisinzia nikampa mara mbili. Nikisema nimemuua mwanangu kwa mkono huu." Akauinua mkono wake akauangalia. "Kumbe ni weye."

"Nihalalishie," ukasema.

"Wallahi sikuhalalishii, Hakimu. Nenda."

Tukaenda. Hukufungua mwavuli, na jua lilikuwa kali.

Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kumwambia mtu mwingine, maana Junda yote ilijua kabla ya magharibi. Wale wale waliokuhalalishia wakaanza kukumbuka maumivu yao ya zamani. Mmoja akasema mguu wake haukupona sawasawa, mwingine akasema mkewe angeweza kuzaa. Wagonjwa wakapungua, kisha wakakoma. Wewe hukulalamika. Ulikaa barazani na tasbihi, na kasha la mizani likakaa chini ya kitanda na kamba yake.

Mimi ndiye niliyeshindwa kutulia. Hiyo ndimu haikuniingia akilini. Ni mimi niliyeisugua ile shaba kwa miaka, na vidole vyangu ndivyo vilivyoliwa. Jiwe lilikuwa halijapoteza hata ule mkwaruzo mdogo uliokuwa pembeni tangu nilipolijua. Siku moja, nikipanga vitu vya marehemu Mama, nikakuta katika kijaluba chake zafarani na ambari, na pamoja nazo lile jiwe la mithkali ulilokuwa ukipimia vitu vya thamani tu. Jiwe lile lilitoka kwa babako kama yale mengine, lakini halikuwahi kuguswa na ndimu hata siku moja, kwa kuwa lilikaa kwa Mama. Nikalifunga kwenye ncha ya kanga nikaenda kwa Mwalimu Kazungu. Kwako sikuaga, maana ungenikataza.

Alilipima kesho yake shuleni, akaja mbio. Safari hii kiti alikikubali. Mithkali ile ilikuwa na gramu nne na sehemu tatu za kumi. Uzito wa drakma ya Wayunani, ule ule wa kitabuni, ulikuwa ndani ya kijaluba cha Mama. Mwalimu akabaki anajikuna kichwa. Nami nikakumbuka kile ambacho kila mtoto wa chuo cha Kurani hukariri katika hesabu ya zaka, ulichonifundisha wewe mwenyewe: dirhamu kumi ni uzito wa mithkali saba. Nikamwambia apige hesabu. Saba mara nne na sehemu tatu, gramu thelathini na moja ya kumi. Gawanya kwa kumi: gramu tatu na punje.

Jiwe lako halikuliwa na kitu. Lilikuwa dirhamu ya Waarabu, kamili kama ilivyotengenezwa. Tiba ilikuwa ya Kiyunani, mizani haikuwa. Wale waliotuletea tiba hiyo waliipima kwa mawe ya kwao, wakaziandika dawa upya kwa mawe hayo, na sisi kwa fahari yetu tukayapa mawe nasaba ya mbali. Mwalimu alitaka radhi mpaka nikamwonea huruma, na ilikuwa si kosa lake. Aliuliza kama ni la Kiyunani, na wewe ulimwapia.

Nilipokwambia ulisujudu pale pale barazani, sijda ya shukuru, na ulipoinuka ndevu zilikuwa zimelowa. Nikakuletea kanzu na mwavuli.

"Twende Junda," nikasema.

"Hatwendi."

"Baba, mwanamke yule amekuharibia jina Kisauni nzima."

"Nimesikia. Keti, mamangu."

Sikuketi. Nilisema mengi, na sauti yangu haikuwa ya binti kwa babake. Uliningoja mpaka nikaishiwa.

"Ulimwona alivyouangalia mkono wake?" ukaniuliza. "Nikienda kumwambia mizani yangu ilikuwa sawa, atarudi kukitazama kijiko. Mimi najua haki yangu, na Mola wangu anaijua. Yeye hana kitu kingine cha kumwezesha kulala."

"Na jina lako?"

"Jina langu halikufiwa na mtoto. Usimwambie, wala usimwambie mtu atakayemwambia. Nipe ahadi."

Nilikupa, kwa hasira. Mwalimu Kazungu naye ukamwapisha, na aliitunza ahadi yake hata alipohamishiwa Changamwe. Ulilifungua kasha ukaanza tena kuwatibu waliobaki, wachache tu, wengi wao watu wa Mwakirunge ambao hawakujali mambo ya thuluthi. Nusu dirhamu mpya aliyotutengenezea Mwalimu ilipima sawasawa. Alhamisi niliendelea kusugua. Sikuwa nikilalamika tena kuhusu ndimu, ila nilikuwa na mengine ya kulalamikia, na uliyasikia.

Sijakueleza yaliyotokea siku ya matanga yako, na hayo ndiyo yaliyobaki moyoni.

Watu waliokuja walikuwa haba kuliko ulivyostahili. Nilikuwa chumbani na wanawake, nimejitanda kanga, Bi Zuhura akaingia. Mazungumzo yakakatika. Akapita katikati ya wote akaja kuketi karibu yangu, akanishika mkono kwa mkono wake ule.

"Babako alikuya mlangoni kwangu kwa miguu yake," akasema, na hakuishusha sauti. "Mtu mzima kama yule, mwenye elimu yake. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Nami nikamfukuza. Nimekuya kumwambia nimemhalalishia. Kwa kuwa hayuko, nakwambia weye."

Maneno yote yalikuwa mdomoni, Baba. Gramu tatu na punje, gramu nne na sehemu tatu, kumi kwa saba. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza. Ningesema sentensi mbili tu na jina lako lingesafishwa juu ya mkeka wa matanga yako mwenyewe. Niliona uchungu mkali, uchungu wa kusamehewa kosa lisilokuwapo, na nilimchukia kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikamwangalia. Alikuwa amenenepa kidogo. Macho yake yalikuwa ya mtu anayelala usiku.

Nikamwambia, "Ahsante, mamangu. Mungu akulipe kheri."

Akalia, nami nikalia, kila mmoja kwa sababu yake. Wanawake wakasema nina moyo mzuri. Sikuwa nao siku ile. Nilikuwa na ahadi.

Tangu hapo tulikuwa tukitembeleana, mimi na yeye. Alinifundisha kupika samaki wa kupaka vizuri kuliko nilivyojua. Hata mara moja sikumwambia, na mara nyingi nilitaka, si kwa ajili yako tena bali kwa ajili yake, kwa sababu tulipozoeana niliona kwamba ukweli ule ulikuwa na upande wa pili ambao hakuupata. Dawa ilikuwa kamili, na mtoto alikuwa ameshazidiwa kabla hujaipima. Hakuna kijiko ambacho kingemrudisha, wala ambacho kingemuua. Lakini sikujua ataanza kusikia upande upi, nikaogopa.

Sasa ameondoka, na naamini yuko huko uliko. Ahadi yangu imekwisha, na kunyamaza kwako pia. Mwambie wewe mwenyewe, Baba, kwamba mizani ilikuwa sawa, na mkono wake ulikuwa sawa.

Pumzika kwa amani,

Bintiyo